Utao Mtupu

YAH: KUACHA NUSU YA KARATASI BILA MATUMIZI KWENYE UBAO WA MATANGAZO

Ndivyo barua ya Mratibu Elimu, Bwana Wilibrodi, ilivyoanza, mwaka ule wa themanini na moja karatasi ilipokuwa adimu kuliko sabuni. Mkosaji alikuwa Mwalimu Marseli wa shule ya Buger. Mkewe Antonia alikuwa amefariki akijifungua, na kwa mila ya pale hakuna jirani aliyekanyaga kwake wala kugusa chombo chake kabla wazee hawajamtakasa. Kanuni za kazi hazikuijua mila hiyo, hivyo alifundisha, watu wakimsalimu kwa mbali.

Akatunga shairi, akalibandika ubaoni. Kila mshororo aliuandika kipande cha kushoto tu. Utao, kipande cha kulia, akauacha mweupe toka juu hadi chini.

Kikombe nimekitenga,
Kitanda nimekipanga,

Bwana Wilibrodi alikuja mwenyewe.

"Mwalimu, shairi lako halijaisha."

"Limeisha, Mzee. Hapo peupe ndipo alipokuwa."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Aa, pole sana. Lakini hapo panaenea tangazo la Mwenge. Jumatatu nikute pamejaa."

Jumatatu pakawa pamejaa, na si Marseli aliyepajaza. Bwana Wilibrodi akasifu vina, akaondoka. Marseli akabaki ananusa: karatasi ilinuka tope na mayai ya chura, kama chemchemi ya kule mpakani mwa msitu wa Ngorongoro, na maandishi yalikuwa bado mabichi.

Kikombe nimekitenga, nijazie, nina kiu,
Kitanda nimekipanga, nakuja, sina miguu.

Jioni, ukungu ukiteremka, alikaa jikoni akatunga mshororo mwingine, akausoma kwa sauti ya chini, nusu yake tu, na kabla hajavuta pumzi ile nusu ya pili ikaitikiwa chumbani, polepole, kwa sauti ya mwanamke mwenye maji kooni, kisha kitu kikaburutwa sakafuni, kizito, kilichoroa, kikasimama nyuma ya pazia, na pazia likawa linaingia na kutoka kana kwamba ndilo linalopumua.

Alikimbilia kambi ya vibarua, kwa Ismaili wa Singida, aliyejulikana kwa kupunga majini. Ismaili hakuwa na mila ya kumwogopa mfiwa. Alikuja na chetezo chake cha ubani mpaka mlangoni.

"Mwalimu, umeliachia jini nafasi. Zijaze upya nusu zote kwa maneno yako mwenyewe, mimi nifukize, litatoka."

"Nikizijaza, Antonia atakuwa wapi?"

"Kaburini, ndugu yangu."

Ndani, ile sauti ikaita, "Baba Marsela!" Marsela ndilo jina walilomchagulia mtoto aliyezikwa na mamaye, hapakuwa na mtu mwingine aliyelijua.

Ismaili akarudi nyuma. "Usiitike! Mwalimu, wallahi, usiitike!"

Marseli aliuzima ubani kwa kiatu chake.

"Naam," akaitika, akaingia ndani.

Haikuwa sauti ya Antonia, na Marseli alilijua hilo.