Dorsaf na Kichupa cha Maji ya Maua

Kila Aprili, nyumba za Nabeul, mji wa Tunisia, hunukia maua ya mdanzi, mchungwa wa matunda machungu. Dorsaf akirudi kutoka shuleni hutupa mkoba kitandani, hunawa mikono, kisha humsaidia Shangazi Monjia kuchambua maua na kuyatia katika chungu cha shaba chenye maji. Moto ukiwa wa taratibu, mvuke hupanda na harufu yake, hupoa ndani ya bomba, kisha hutona chupani ukiwa maji maangavu.

Maji hayo yalikuwa na kazi nyingi. Shangazi alitia tone katika kahawa, aliyanyunyiza kwenye keki, na mtu akiumwa kichwa kwa jua alimpangusa nayo usoni. Basi Dorsaf akaanza kubeba kichupa shuleni. Kabla ya mtihani wa hesabu aliwanusisha wenzake waliokuwa wakitetemeka, na kweli wakatulia.

"Dokta, na mimi! Usininyime!" walimtania. Dorsaf akavimba kichwa.

Siku moja rafiki yake Wijdan alikuja jicho likimwasha.

"Inua uso," Dorsaf akamwambia.

"Una hakika?"

"We naye! Maua yatakudhuru nini?"

Akamtonea maji ya kichupa jichoni.

Kesho yake Wijdan hakuonekana darasani. Baada ya masomo Dorsaf alikwenda kwao, akamkuta jicho limevimba hata halifunguki. Mama yake alikuwa akijitanda shela ili ampeleke zahanati.

"Vumbi tu hili," mama alisema.

Wijdan akamkonyeza Dorsaf kwa jicho zima. Hakumtaja! Dorsaf angeweza kunyamaza na mambo yakaisha. Lakini alipoliangalia lile jicho, alimgeukia mama wa Wijdan.

"Mama, si vumbi. Ni mimi. Nilimtia maji ya maua."

Mama Wijdan alimkazia macho. "Hicho kichupa kiko wapi? Kilete, twende nacho!"

Daktari alikiinua kichupa kwenye mwanga. Ndani mlielea nyuzi nyeupe za ukungu. Dorsaf alikuwa amekijaza bila kukiosha, na darasa zima lilikishika.

"Umefanya vizuri kusema," daktari alimwambia. "Sasa najua ninachotibu."

Baada ya siku chache Wijdan alifika kwa kina Dorsaf, jicho limepona kabisa. Shangazi Monjia akawakatia keki yenye maji ya maua, kisha akamgeukia Dorsaf.

"Chupa zangu nazichemsha, nazikausha, naziweka gizani penye ubaridi. Hata hivyo siyatii machoni. Maji haya yanatuliza moyo na kutia ladha, lakini hayazuii vijidudu, wala si dawa ya jicho. Kitu kizuri nacho kina mipaka yake, mwanangu. Usipojua, uliza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema."

"Nimesikia, Shangazi," Dorsaf akajibu kwa sauti ndogo.

Wijdan akasogeza sahani yake. "Dokta, niongezee keki. Dawa yako naiamini ikienda tumboni tu!"

Wote wakaangua kicheko, Dorsaf kuliko wote.