Sukari ya Uji wa Mutoto

Mimi, Mama Émérence, sijaona wivu hata siku moja katika maisha yangu. Isipokuwa Jumapili, jirani yangu Philomène akiingia kanisani amevaa kikwembe kipya. Hiyo haihesabiki.

Sikieni, wandugu. Wakati wa Zaïre, Évariste na Néhémie walijifunza kazi ya kujenga kwa Papa Symphorien, hapa kwetu Kalemie. Walikula ugali wa bukari na samaki wadogo wa ndakala katika sahani moja, wakicheka. Kisha Papa Symphorien akasema:

«Kila mumoja ajenge kona yake ya ukuta. Atakayeinyoosha, huyo njo nitamupa mwiko wangu wa kujengea. Ataitwa fundi.»

Kicheko kikaisha. Évariste alikuwa na muke, Bertille, na mutoto mudogo, Alphonse. Aliutaka mwiko ule kama mugonjwa anavyotaka maji. Lakini kona ya Néhémie ilipanda imenyooka, wapita-njia wakasimama kuisifu. Kona ya Évariste ilitazamwa na mbuzi. Kila sifa ya mwenzake ilimuchoma kama pilipili kwa jicho.

Wajenzi wanajua: simenti iliyotiwa sukari haigandi. Na siku zile sukari ilikuwa adimu. Bertille alitumiwa kidogo na dada yake wa Kigoma, kwa uji wa mutoto. Néhémie alipokwenda kula, Évariste akaimwaga yote katika pipa la mwenzake la maji ya kuchanganyia simenti. Kwa nyumba akasema: «Panya wamekula.» Mutoto akakataa uji, akalia mpaka sisi majirani tukakonda naye.

Asubuhi Papa Symphorien akagusa kona ya Néhémie. Tofali la juu likatoka kama jino la mutoto.

«Huyu hajui kuchanganya,» Évariste akasema upesi.

Papa Symphorien aliangalia sisimizi. Walipanda ukuta kwa mustari, kama waumini wanaokwenda kwa komunyo.

«Évariste, kwako sukari iko?»

«Iko, Papa. Kopo limejaa.»

Bertille alikuwa amefika na chakula, mutoto mugongoni. «Limejaa nini, Papa Alphonse? Si ulisema panya wamelimaliza?»

Hata sisimizi walisimama kusikiliza.

Néhémie akajenga upya, akapewa mwiko. Évariste akarudi kubeba matofali, tena ya Néhémie.

FUNZO

Wandugu, mwenye wivu anakwenda kubomoa kwa jirani, na njaa anaiacha kwake mwenyewe. Ukiona kona ya mwenzako imenyooka, muombe akufundishe.

Évariste, sasa muzee wa mvi, anaapa kwamba mambo haya yalimupata muntu mwingine, kule Kabalo. Juzi alinitembelea, nikamuwekea chai.

«Nikutilie sukari, Papa Alphonse?»

Alitoka mbio. Kofia yake ingali kwangu.