Kokugonza na Jua la Mwaloni

Kila asubuhi, nyumbani kwao Kiseke, Ma Prudencia alimpaka bintiye samli. Haikuwa samli ya mchezo. Ilitoka Karagwe, na kopo likifunguliwa, hata mbwa wa Igogo, mtaa wa mbali, walinyanyua pua.

"Geuza shingo," alisema.

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Jua halijui hilo. Geuza."

Kokugonza ana ualbino. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akitafiti ukaushaji wa dagaa. Je, wanaoanikwa juu ya kichanja cha wavu hukauka vizuri kuliko wa mchangani? Ili ajue, alishinda juani mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, akiwapima uzito kila baada ya muda. Namba za mizani hakuziona vizuri. Alikisia, akaandika, akanyamaza. Nyumbani alifundishwa hivyo: usijitangaze, watu watakuhurumia.

Siku moja msimamizi wake, Dokta Okomo, akamrudishia kazi.

"Dagaa gani hawa wanaozidi uzito wakikauka? Rudia vipimo vyote. Hivi sivipitishi."

Jioni hiyo mama yake aligusa kidonda shingoni mwake. Kilikuwa cha siku nyingi, kimekataa kupona.

"Basi. Chuo kiishe. Utakaa dukani na mimi."

"Niache mwaka wa mwisho?"

"Nimemzika dada yangu, mwenye ngozi kama yako. Kidonda chake kilianza hivihivi, kama punje ya mtama. Wewe sikuziki."

Asubuhi walikwenda chuoni kuuliza namna ya kuacha masomo. Wakaelekezwa kwa Bi Selestina, afisa wa wanafunzi wenye ulemavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumekuja kuaga."

"Kuaga? Mtu hata hajapiga hodi." Bi Selestina akamgeukia Kokugonza. "Kwa nini hukuwahi kuja hapa?"

"Sikutaka kuhurumiwa."

"Huruma ilituishia zamani. Hapa tunasimamia haki."

Alisikiliza yote. Kisha akasema taratibu, "Mama, samli inalainisha ngozi tu. Jua linapita humo kama dagaa kwenye wavu wa sangara wenye matundu mapana. Anahitaji losheni ya kukinga jua, mikono mirefu na kofia pana. Na hicho kidonda kionwe na daktari wa ngozi leo, si kesho."

Ma Prudencia akainamisha kichwa. "Kumbe nilikuwa namkaanga."

"Ulikuwa unampenda, ila hakuna aliyekuelekeza."

"Na utafiti wangu?" aliuliza Kokugonza.

"Macho yako yanaona hafifu. Ungesema mapema, ungepata mitihani ya maandishi makubwa na muda wa ziada. Sasa tutamwona Dokta. Utahitaji mizani yenye namba kubwa, banda la kivuli, na msaidizi wa kwenda juani."

"Si itakuwa kazi ya msaidizi?"

"Msaidizi anabeba beseni. Swali ni lako, vipimo ni vyako, jibu ni lako."

Kidonda kilikatwa. Daktari alisema ni saratani ya ngozi, ila wamewahi. Dokta Okomo, alipoambiwa ukweli, aliongeza muda. "Ungeniambia," alisema tu. Mwaloni kina mama waanika dagaa walitania, "Bosi kakaa kivulini, dagaa ndio wanaoungua." Kokugonza alicheka, akapima. Safari hii namba zilisema kweli: dagaa wa kichanjani walikauka mapema, bila mchanga. Kazi yake ikapita.

Baada ya mahafali aliitwa kwenye usaili wa mradi wa utafiti wa samaki. Mama yake alimsubiri kwenye benchi, nje ya mlango ulioachwa wazi.

"Una lolote la kutuambia?" Kokugonza aliulizwa.

"Nina ualbino na uoni hafifu. Nitahitaji skrini kubwa, kivuli mwaloni, na ruhusa ya kwenda kliniki ya ngozi."

"Na usipopewa?"

"Nitaomba tena. Bila hivyo, siwezi kuwapa vipimo vya kuaminika."

Nje, Ma Prudencia alishika pindo la kitenge chake. Kokugonza alipokuwa mdogo, mama huyo alimfunika kwa kitenge njia nzima ili watu wasimwone.

Ndani, sauti ikauliza, "Unaweza kuanza lini?"