Bati la Fanueli

Kila jioni, wakishateka maji, watoto wa mtaa wetu wa Mwanjelwa walitoka na magari yao ya waya. La Fanueli lilipita yote. Usukani wake ulikata kona vizuri mno, na hakuna aliyejua ulivyofungwa, kwa sababu aliufunika kwa bati. Fundi alikuwa fundi, hatumnyimi sifa yake. Uchoyo ndio ulimzidi.

"Tuone kidogo tu," mwenzake Ikupa alimwomba.

"Thubutu! Tengeneza lako."

Ikupa akatengeneza lake, wazi kabisa. Mwenye kutaka kuiga aliiga, na kila mtoto akalirekebisha kidogo. Fanueli akawacheka. "Gari la mtaa mzima!"

Mwaka huo, 1975, shule ikatangaza mashindano. Mshindi angepeleka gari lake kwenye maonyesho mjini Iringa. Baba yake Fanueli alifanya kazi Iringa, na hawakuwa wameonana tangu Krismasi. Fanueli hakutaka kitu kingine duniani ila safari hiyo.

Siku moja kabla ya mashindano, gari likaanza kuvuta kulia. Akanyoosha waya, wapi! Akabadili magurudumu, wapi! Mwalimu Alinanuswe alimkuta uwanjani machozi yakimlenga.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna, mwalimu. Wataniiga."

"Haya. Mficha uchi hazai," mwalimu akasema, akaenda zake.

Fanueli alihangaika nalo mpaka akachoka. Mwishowe akalibeba hadi kwa kina Ikupa, akalifungua bati mbele ya wote. Roho ilimuuma kweli.

Ikupa akachungulia. "Kumbe ndivyo! Ona, ekseli inacheza hapa ndani. Hata letu lilivuta hivi, mpaka huyu Limbu alipoibana kwa vipande vya kandambili." Akaanza kumkatia vipande.

"We Ikupa, kesho atatushinda huyu!" Limbu akanong'ona.

"Na atushinde. Tumwache analia?"

Kesho yake gari la Fanueli likashinda kweli. Kabla makofi hayajaisha akasema, "Mwalimu, bila kina Ikupa lisingekwenda."

"Basi mtakwenda wawili, wewe na Ikupa," mwalimu akajibu. "Sikilizeni, wanangu. Ukiufungia ujuzi wako, unabaki na macho yako mawili tu. Ukiufungua, wengi watakusaidia kutazama, na wewe hupungukiwi kitu."

Asubuhi ya safari mama yake alimkimbilia hadi kituoni. "Fanueli! Umesahau bati lako!"

"Sijalisahau, mama," akajibu. "Baba atataka kuona ndani."