Programu Iliyofungwa Mdomo

Kila alipotoka shule, Biasha alivua sare, akala ugali na kisamvu bila kuhimizwa, akaosha sahani, kisha akamuaga mama yake na kukaza mwendo kwenda kituo cha vijana kilicho karibu na soko la Lindi.

"Huko kituoni wamemroga mwanangu," mama yake aliwatania majirani. "Siku hizi sahani zinang'aa bila mtu kupigiwa kelele!"

Kilichomroga kilikuwa kompyuta. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kulia kila pembe ya mji, na maduka ya Dar es Salaam yalipojaa vitu vya mtumba kutoka ng'ambo. Kompyuta ya kituo nayo ilikuwa ya mtumba, imechoka, inanguruma kama mashine ya kusaga. Lakini kwa Biasha, mwanafunzi wa darasa la sita, haikuwa na dosari hata moja.

Aliyemfundisha kuitumia alikuwa Dada Emerensiana, binti wa Kimakonde mwenye vicheko vingi, aliyerudi kutoka masomoni Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyeandika programu ya chemsha bongo. Wanafunzi wa Mnazi Mrefu, shule ya Biasha, walikuwa wanajiandaa kushindana na wenzao wa Mchinga, na maswali yangetolewa na kompyuta. Biasha ndiye aliyechaguliwa kuiendesha. Watoto wa Mnazi Mrefu walifanya mazoezi kituoni kwa maswali ya majaribio mpaka wakayakariri. Wale wa Mchinga hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba siku ya mashindano yatumike maswali mapya kabisa.

Basi programu ile ilikuwa na mdomo! Haikufanya jambo bila kulitangaza kwa maandishi sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta: nimefungua faili la maswali, nimechagua swali, nimepokea jibu.

"Dada, mbona inasemasema hivi?" Biasha aliuliza siku moja.

"Nimeiwekea maktaba ya kumbukumbu."

"Maktaba? Sasa vitabu viko wapi?"

Emerensiana alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Si maktaba ya vitabu, mdogo wangu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na wataalamu wengine, ili sisi tusihangaike kuianza upya. Hii inaisaidia programu kusimulia inachofanya. Na wewe unaipangia isimulie kiasi gani na isimulie wapi: hapa kwenye kioo, au kwenye faili la pembeni."

Alifungua faili la mipangilio, akamwonyesha mstari mmoja: KIWANGO = YOTE.

"Ukiandika YOTE, inasema kila kitu. Ukiandika TAHADHARI, inanyamazia mambo madogo, lakini jambo likianza kwenda kombo inakuambia. Ukiandika MAKOSA, haifungui mdomo mpaka ishindwe kabisa kufanya kazi. Programu ni ile ile, unabadilisha neno moja tu. Ila kwa sasa iache iseme. Bado changa."

Asubuhi ya mashindano Biasha alikuwa wa kwanza kufika kituoni. Alifagia, akapanga mabenchi, akafuta vumbi kwenye kioo. Alipowasha programu, maneno yakaanza kumiminika. Biasha akawafikiria wageni watakaokaa benchi la mbele: wazazi, walimu, na Mwalimu Mkuu wa shule yao mwenyewe. Akaona haya. Kwa nini mashine iropoke shida zake mbele za watu? Haikufunzwa adabu?

Akafungua faili la mipangilio. Akafuta YOTE, akaandika MAKOSA. Alipoiwasha tena, kioo kilikuwa safi, kinapendeza, hakina neno la ziada. Biasha akafurahi.

Muda si mrefu Mwalimu Sixbert, mwamuzi wa siku ile, akaingia na bahasha iliyofungwa. Ndani mlikuwa na disketi, kidude bapa cha kuhifadhia faili, yenye maswali mapya, yaliyotungwa na mwalimu mmoja wa Kilwa Masoko na kuletwa kwa basi. Biasha aliipokea kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye kompyuta haraka haraka, maana wageni walishaanza kuingia. Programu ikaanza bila manung'uniko.

Emerensiana alipita mlangoni akiwa na sinia la vikombe. "Habari za mashine?"

"Nzuri, Dada!"

"Safi!" Akaenda zake nyuma ya nyumba, ambako akina mama walikuwa wakipika pilau.

Ukumbi wa kituo ulijaa. Upande mmoja walikaa watoto wa Mnazi Mrefu, nahodha wao akiwa Jerome, mwenye maneno mengi. Upande wa pili walikaa watoto wa Mchinga wakiongozwa na Katarina, msichana mpole aliyefunga misuko yake kwa utepe wa kijani. Kazi ya Biasha ilikuwa kusoma maswali kutoka kwenye kioo.

"Taja ziwa lenye kina kirefu kuliko yote barani..."

"Tanganyika!" Jerome alidakia.

Makofi yakalia. Biasha akakitazama kioo tena. Swali lile analijua. Akajipa moyo kwamba huenda limefanana tu. Akaendelea.

"Ni mdudu gani anayeeneza..."

"Mbu jike aina ya anofelesi!"

La tatu, kabla Biasha hajamaliza kusema "Katika", Jerome alikuwa ameshalijibu. Watu walicheka na kushangilia. Mwalimu Mkuu alikuwa akitabasamu mpaka magego yanaonekana. Katarina alimtazama mwalimu wake, Mwalimu Klementi, kama anayeuliza kosa lao ni lipi.

Hapo Jerome akamkonyeza Biasha. Akamnong'oneza, "Ahsante, dada wa kompyuta. Umetuokoa!"

Biasha akaelewa. Jerome alidhani amefanya makusudi! Yalikuwa yale yale maswali ya majaribio. Mashine ilikuwa na tatizo, na yeye ndiye aliyeizuia isiseme. Akinyamaza, shule yake itabeba kombe, na huenda hakuna mgeni atakayejua. Akisema, ataaibika mbele ya ukumbi mzima. Aliwatazama watoto wa Mchinga, walioamka alfajiri kuja Lindi. Akasimama.

"Naomba tusimame kwanza. Haya si maswali mapya. Ni yale tuliyofanyia mazoezi sisi."

"Unasema nini, Biasha?" Mwalimu Mkuu aliuliza kwa ukali.

"Kweli, Mwalimu. Mimi niliipangia programu isiseme tahadhari, ili isitutie aibu. Naomba msamaha. Dada Emerensiana aitwe."

Emerensiana alikuja mbio, mikono ingali na harufu ya bizari. Alisikiliza, hakugomba. "Kiwango umekiweka wapi?"

"Kwenye MAKOSA."

"Kiweke kwenye TAHADHARI, uiwashe upya."

Biasha akafanya hivyo. Mara maneno yakatokea chini ya kioo: TAHADHARI, disketi haisomeki. Natumia maswali ya zamani.

"Si hiyo imejisemea yenyewe!" alisema Emerensiana. Akaigusa disketi. Ilikuwa imechomekwa nusunusu. Akaisukuma mpaka ikalia ka! Maswali mapya yakajitokeza, na watu wakapiga makofi kwa nguvu.

Mashindano yakaanza upya, na safari hii yalikuwa moto kweli. Jerome alilazimika kusubiri swali liishe kama watu wengine. Mwisho wa yote, Mchinga walishinda kwa swali la mwisho kabisa, na Katarina akalia kwa furaha.

Wakati wa pilau Jerome alinuna. "Ungenyamaza tu, Biasha, kombe lingekuwa letu."

"Lingekuwa kombe la disketi iliyokaa vibaya," Emerensiana alimjibu, na hata Jerome akashindwa kujizuia kucheka. Kisha Emerensiana akamgeukia Biasha. "Sisi tukiulizwa habari tunajibu 'nzuri', hata mtu akiwa na homa. Lakini baada ya 'nzuri' mtu husema 'ila': 'nzuri, ila naumwa kichwa'. Hiyo 'ila' ndiyo inayotuletea msaada. Programu yetu uliiachia 'nzuri', ukaifutia 'ila'. Usiogope kusema shida ingali ndogo. Porojo zake tutazipeleka kwenye faili la pembeni, lakini tahadhari ibaki kwenye kioo, wageni wawepo wasiwepo."

"Nimeelewa, Dada."

Mwalimu Klementi alikuwa amesimama nyuma yao na sahani yake. "Mwakani mashindano yatakuwa kwetu Mchinga," alisema. "Kompyuta tutaiazima, lakini mwendeshaji nimeshampata. Ni huyu binti. Leo kunyamaza kungempa kombe, naye akasema. Mtu wa namna hiyo hata nikimkabidhi funguo za shule nitalala usingizi."