Mahadhi Yaliyoruka Ukuta

Soko la Kombani lilikuwa limefurika tangu asubuhi. Mahindi kutoka Kinango yalishushwa kwa magunia, mbuzi walilia, wanawake walibishana bei ya nazi, na juu ya rabsha yote hiyo gramafoni ya Charo, mwenye hoteli ya chai, ilikuwa ikiimba kwa sauti iliyopasuka. Santuri ilikuwa mpya kutoka Mombasa, na tayari ilikuwa imegombanisha watu.

"Wimbo huu ni wa sinema ya Kihindi!" Jumbe alipiga meza mpaka chai ikaruka. Jumbe alikuwa fundi wa baiskeli, shabiki mkubwa wa muziki asiyejua kupiga hata debe. "Nimeiona kwa macho yangu. Mwanamke analia mvuani, na mahadhi ni haya haya. Huyu mwimbaji wetu amebadilisha maneno tu."

"Sasa akiiga kuna dhambi gani?" Charo alimjibu. "Hata chai tumeiga. Mbona unakunywa?"

"Chai nimeilipia!"

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa hoteli, wanawake wawili walikuwa wakingoja basi la Msambweni. Mmoja alikuwa Mishi, mtu mzima wa maneno machache. Wa pili alikuwa binti wa kaka yake, Mwanapili, amevaa buibui la hariri lililoteleza begani na kufichua kanga ya rangi ya kitunguu. Macho yake yalikuwa na wanja, na nywele zake zilinukia asumini.

"Jumbe amesema kweli," Mwanapili alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. "Ukimchukua mbuzi wa jirani ukampaka rangi, atakuwa wako?"

Kijana mmoja aliyesimama mlangoni, fidla yake ikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, aligeuka. Kanzu yake ilikuwa safi, kizibao cheusi kilimkaa sawasawa, lakini kucha zake zilikuwa na weusi wa mafuta ya mashine.

"Na mbuzi wa jirani akizaa na beberu wangu," aliuliza kwa upole, "mtoto ni wa nani?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko.

"Ni wa mwenye mbuzi jike," Mwanapili alijibu bila kupepesa. "Wewe utarudishiwa beberu wako, tena amechoka."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mishi alimfinya mkono. Basi lilipiga honi, na wawili hao wakakimbilia vikapu vyao.

"Jina lako nani, bibi mwenye mbuzi?" kijana aliita.

"Muulize mbuzi!"

Hakumuuliza mbuzi. Alimbebea Mishi kikapu mpaka mlangoni mwa basi, akamwamkia shikamoo ya heshima, na kabla magurudumu hayajazunguka alikuwa amelijua jina, mtaa, na kwamba binti yule alikuwa hodari wa kushona kofia.

Baada ya wiki moja Alfani, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, alifika Msambweni nyumbani kwa Mwalimu Abdurahman, baba yake Mwanapili, akitaka kofia. Yeye alikuwa mtu wa Kibuyuni, fundi wa mashine katika kiwanda cha sukari cha Ramisi siku za kazi, na mpiga fidla wa chama chao cha muziki siku za mapumziko. Aliketi barazani. Mishi alimpima kichwa kwa uzi, akaupeleka uzi ndani.

"Kichwa kikubwa hiki!" sauti ilitoka nyuma ya mlango.

"Kimejaa nyimbo."

"Zako, au za watu?"

"Bado napanga nyumba, bibi. Nikimaliza nitakwambia wenyeji ni nani na wageni ni nani."

Mwanapili alicheka, akaanza kushona. Akishona alikuwa na mazoea ya kuguna wimbo bila maneno, na siku hiyo aliguna mahadhi ya kasida aliyoipenda kuliko zote, ile ambayo baba yake huisomesha kila maulidi ya Mfungo Sita. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeitia mahadhi hayo, mwaka ule alipooa, na Msambweni nzima ilijua hivyo.

Nje, Alfani aliegemea ukuta akafumba macho. Yeye hakuwahi kuhudhuria maulidi ya Msambweni, lakini mahadhi yale aliyajua tangu akibebwa mgongoni. Marehemu mama yake alikuwa akiyaimba akipepeta mchele. Hakuuliza kitu. Alijiambia tu kwamba msichana anayeguna wimbo wa mama yangu, huyo ni wangu.

Simu ya pekee ya mtaani ilikuwa dukani kwa Hasanali, imetundikwa ukutani kati ya vitambaa na makopo ya samli. Kila Jumatano Alfani alipiga kutoka ofisi ya kiwanda, na kila Jumatano Mwanapili alikuwa ameishiwa uzi.

"Halo? Kofia yangu vipi?"

"Bado."

"Usiharakishe, kipenzi. Ikiisha nitakuja kwa hoja gani?"

"Ota kichwa cha pili."

"Moyo je? Huo haushonewi?"

"Moyo haupimwi kwa uzi, bwana. Unapimwa kwa posa."

Hasanali alikohoa, akaendelea kuhesabu vifungo alivyokuwa amekwisha kuvihesabu mara tatu.

Posa ilikuja kweli. Zahoro, mjomba wa Alfani, alivaa joho lake la sikukuu akaenda kumwona Mwalimu. Mwalimu aliwauliza watu wa Ramisi, akaambiwa kijana anasali, halewi, na mkono wake haupungui kwa maskini. Akasema, "Ipite Idi kwanza. Nitajibu kwa moyo mkunjufu." Mwanapili alipoambiwa, alishona kofia mbili kwa siku moja.

Idi ikafika. Alasiri, uwanja wa Msambweni ulinukia udi, halwa na nyama ya kukaanga. Wasichana walitembea kwa vikundi, viatu vipya vikiwauma, na hakuna aliyekubali kuvivua. Chama cha Alfani kiliketi chini ya turubali. Alfani alisimama, akatazama upande wa wanawake, akapitisha upinde kwenye nyuzi. Mwimbaji wao akaimba:

Harufu ya asumini, imeruka ukutani,
nami niko barazani, sijui mlango gani.

Vigelegele vilipasuka. Wenzake walimsukuma Mwanapili mabegani, "Ni wewe huyo! Ni wewe!" Naye alikuwa ameanza kutabasamu. Kisha mahadhi yakamwingia sawasawa, na tabasamu likafa.

Jumbe, aliyeufuata muziki kutoka Kombani, ndiye aliyelisema. "Kasida!" alipiga ukelele. "Jamani, hiyo ni kasida ya Mwalimu Abdurahman! Ameichukua sifa ya Mtume akaifanya ya asumini!"

Uwanja ukagawanyika kama kitambaa. Hawa walisema wizi ni wizi, wale walisema mahadhi ni kama njia, kila mtu hupita. Mzee mmoja alivua kiatu ili abishane vizuri. Mwanapili alishusha buibui usoni akaenda nyumbani peke yake.

Jumatano, simu ililia.

"Mwanapili, roho yangu..."

"Roho yako usinitajie. Barazani kwetu ulikaa kupimwa kichwa, au kutega sikio?"

"Nisikilize. Nilikusikia ukiuguna, kweli. Lakini wimbo ule ni wa mama yangu."

"Kasida ya baba yangu ni ya mama yako?"

"Habari ya kasida siijui. Najua nilichosikia mgongoni mwa mama."

"Ndiyo maana umemfanya shahidi," Mwanapili alisema, na ulimi wake, uliozoea kushinda, haukujua mahali pa kusimama. "Maiti haulizwi."

Upande wa pili zilisikika mashine za kiwanda peke yake. Kisha Alfani akasema taratibu, "Haya, bibi," na simu ikakatwa.

Hasanali aliacha vifungo. "Hilo neno baya, mwanangu," alisema.

Mwanapili alijua. Alilijua tangu lilipokuwa likitoka.

Mwalimu naye alimtumia Zahoro habari. Posa itakubaliwa kwa sharti moja tu, kijana aje Ijumaa akiri mbele ya watu kwamba aliiba mahadhi, na aape kutoyapiga tena. Asipokiri, basi binti hapewi. Jibu la Alfani lilirudi siku ile ile. Atakuja, maana ameitwa na mtu mzima, lakini hawezi kukiri kwamba ameiba mali ya mama yake.

Mwanapili aliketi jikoni, machozi yakidondoka juu ya kofia asiyoishona. Mama yake, Bi Asiya, alikuwa akikuna nazi. Alimtazama binti yake, akatazama nazi, akaanza kuimba polepole:

Mwanetu tumempamba, mtunzeni asilie...

Mwanapili aliinua kichwa. "Mama! Hayo ni mahadhi ya kasida!"

"Hayo ni vugo."

Vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake, ya kupiga pembe kwa vijiti, na mwanamume hana nafasi ndani yake.

"Vugo la nani?"

"Langu. Siku ya harusi yangu jamaa za mama yangu walitoka huko Kibuyuni na pembe zao, wakaimba hili mchana kutwa. Baba yako alikuwa barazani anangoja kuitwa ndani. Ilipofika Mfungo Sita akasimama na kasida mpya. Nikayajua mahadhi palepale."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mume amechukua wimbo wa harusi yangu akauingiza msikitini. Wangapi wamefanyiwa hivyo?" Bi Asiya alitabasamu kama msichana. "Mwenyewe anaamini yalimjia alfajiri akitawadha. Huenda yalimjia kweli. Ila kabla ya kufika kwake, yalipitia kwangu."

"Mama, tangu Idi mji mzima unagombana! Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniulize. Wanaume walipiga kelele, nawe ukapiga kelele kuliko wao. Hakuna aliyekuja jikoni."

Mwanapili hakungoja kufuta machozi. Alifika kwa Hasanali akihema. "Leo sitaki uzi. Nipigie Ramisi."

Alfani aliitwa kutoka kwenye mashine.

"Halo?"

"Ni mimi, mwenye neno baya. Nimemkosea mama yako kwanza, kisha wewe. Nisamehe."

"Mama angekupenda," Alfani alisema.

"Kwa tusi lile?"

"Kwa kurudi. Yeye pia alikuwa na ulimi mkali, na hakuona haya kurudi."

"Basi njoo Ijumaa, muhibu wangu. Usikiri kitu, wala usibishane na Baba. Kunywa kahawa, mengine waachie wanawake."

Ijumaa, baada ya sala, sebule ya Mwalimu ilijaa. Alikuwapo Zahoro na joho lake, na Alfani mwenye kofia mpya. Alikuwapo pia Jumbe, ambaye hakualikwa na mtu ila alikuwa na maoni. Pazia lilikuwa limeshushwa kwenye mlango wa ndani.

"Kijana," Mwalimu alianza, kikombe mkononi, "kuiga ni jambo moja, na kuiba..."

Pembe zikalia nyuma ya pazia. Vijiti viliingia kimoja kimoja, kisha vyote, na sauti za wanawake zikapanda:

Mwanetu tumempamba, mtunzeni asilie...

Kikombe kilisimama njiani. Wimbo ulipozunguka mara ya pili, midomo ya Mwalimu ilianza kwenda yenyewe, na Kiarabu cha kasida kikaingia ndani ya wimbo wa wanawake kama mkono ndani ya kanzu. Hakuna silabi iliyobaki nje.

"Asiya," aliita kwa sauti ndogo. "Mnaimba nini?"

"Vugo la harusi yetu, Mwalimu. Wewe ulikuwa barazani unangoja, nasi hatukuwa na haraka."

Wanawake wakacheka. Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi," alisema, kana kwamba anajisemea peke yake. "Kumbe masikio hayakulala."

"Kwa hiyo, Mwalimu," Jumbe alidakia, "nawe ni..."

"Nami ni nini, Jumbe?"

Jumbe alikumbuka kwamba kahawa yake inapoa.

Mwalimu akacheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi. "Kijana, wewe endelea kupiga, mimi nitaendelea kusoma. Sitaki kiapo."

"Aliyeongoza pembe," Bi Asiya alisema nyuma ya pazia, "alikuwa msichana mwembamba wa Kibuyuni mwenye pengo la jino. Akicheka alilifunika kwa kanga."

Alfani aliinua uso ghafla. "Akiitwa Mwanatumu?"

"Mwanatumu! Umemjulia wapi?"

"Ni mama yangu," Alfani alisema.

Wote sebuleni waliweka vikombe chini. Hata Jumbe.

"Miaka yote hii nasoma kwa mahadhi yake," Mwalimu alisema, "na sijamwombea hata siku moja." Akakunjua viganja. "Fatiha kwa roho ya Mwanatumu."

Waliisoma wote, wanaume sebuleni na wanawake ndani. Walipoitikia amina na kupangusa nyuso, Zahoro aliona shughuli imekwisha, akatafuta viatu vyake kwa macho.

"Mnakwenda wapi?" Mwalimu alimuuliza. "Hiyo ilikuwa ya mama. Ya watoto bado." Akageukia pazia. "Mwanapili, umesikia unachoombwa. Wazee husema kunyamaza kwa mwari ndiko kukubali."

"Nimekubali, Baba," sauti ilijibu, wazi, mpaka nje barazani.

Mwalimu alitikisa kichwa, akainua mikono mara ya pili. Nyuma ya pazia vigelegele havikungoja amina.