Mkalimani Aliyewahi

Rafiki yangu ni mwoga; kuku akimkodolea macho, humwomba radhi. Enzi za usichana wake alijitolea kwenda safari ya umishonari, akapangiwa mahubiri, akayaogopa kuliko jehanamu yenyewe.

Alasiri moja alitangulia kanisani kufanya mazoezi. Mvua ilitwanga mabati, madirisha ya mbao yamefungwa, umeme umekatika, giza totoro. Kila aliposema sentensi, mkalimani aliyepangiwa aliitafsiri gizani, ubavuni pake, kwa lugha ya wenyeji, ambayo yeye hakuijua hata salamu. Akapata moyo. Halafu akasahau maneno, akanyamaza.

Sauti ikaendelea.

Mlango ukafunguliwa, mkalimani akaingia ameloa chapachapa.

"Samahani dada, mvua imenichelewesha." Akatega sikio. "Na huyo anayesema anaogopa, anataka kurudi kwa mama yake, ni nani?"

Rafiki yangu hakuwa ametamka neno. Alikuwa anawaza tu, na sauti ilikuwa bado inatafsiri.